Kongoro ni rahisi, anapika nani?

Wiki iliyopita tuliitwa kwenye semina ya bajeti ya familia. Posho hakuna, soda moja na andazi, ila mada ilikuwa nzito: kwa nini mshahara wa mtumishi haufiki tarehe kumi na tano. Mwezeshaji, kijana nadhifu, koti limemkaa sawasawa, akatufumbulia fumbo lenyewe. Kumbe tunakula steki.

Nikageuka huku na huku nimwone huyo anayekula steki. Jirani yangu wa kulia, nyama ya mwisho kumwona nayo ilikuwa pilau ya msibani. Kijana akaendelea: acheni kujionyesha, nunueni makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, utumbo, vichwa, mapupu. "Ni rahisi, na lishe ni ile ile." Nyuma yangu mama mmoja akaguna, ule mguno wa wanawake unaobeba hotuba nzima. Nikanyoosha mkono. "Kaka yangu, wewe umewahi kupika kongoro?"

Akacheka, ukumbi ukacheka naye. "Mama watoto anapika, mwalimu."

Basi na mimi leo nina mada yangu, maana muda wa maswali uliisha nikiwa bado nimesimama.

Tatizo linaanzia kwenye hilo neno rahisi. Kiswahili kimetupa neno moja la bei na la kazi, na watu wengi wanajificha humo. Ukisema kongoro ni rahisi, buchani ni mkweli. Jikoni ni mwongo.

Jumamosi yake nikaenda soko la Majengo makusudi, na daftari kwenye pochi. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo dada mmoja, kajitanda khanga vizuri, akasema kwa sauti ya chini: "Nipe mapupu ya elfu mbili. Ya mbwa." Muuza nyama, kijana mtundu, akamuuliza: "Mbwa wako anapenda na bandama kidogo?" Foleni ikacheka. Dada naye akacheka, lakini nilimwona anavyokunja ule mfuko haraka haraka. Wangapi tuna mbwa Dodoma hii? Mimi mwenyewe nimefuga mbwa hewa miaka mitatu, nilipokuwa naanza kazi, na alikuwa anapenda mapupu ya kukaanga na kitunguu kingi. Siku moja mwenye bucha akaniuliza jina lake. Nikasema Simba. Hadi nahama mtaa ule alikuwa ananiuliza, Simba hajambo?

Nikachukua makongoro manne. Shilingi 4,000 moja. Kijana akauliza, "Nikubabulie, mwalimu, au unaenda nayo na manyoya?" Nikamuuliza mnababua na nini. Akatazama juu. Ukiona mtu anatazama juu ujue ni moto wa tairi. Nikasema nayataka na manyoya yake.

Mawili nikayaweka kwenye friza, mawili nikayapeleka uani. Saa nne asubuhi mkaa umeshika. Kubabua tu ni shughuli ya mtu mmoja asiye na kazi nyingine: unageuza, unakwangua kwa kisu, unarudisha motoni, unakwangua tena, na katikati ya vidole pale manyoya hayataki kutoka hata uyabembeleze. Harufu ilifika kwa jirani, akaja kuuliza kama kuna kinachoungua. Kwato nazo zina siri yake. Unazipa moto mpaka uone mafuta yanachemka pale ukingoni, halafu unagonga kwa nyuma ya shoka, pa, inavuka nzima kama kiatu. Ukikosea, unagonga mpaka mkono ufe ganzi. Ya kwanza ilivuka. Ya pili nilimwita mtoto wa jirani, akaigonga yeye, ikaruka hadi kwenye banda la kuku.

Halafu kuosha, halafu kupasua, halafu sufuria. Maji, chumvi, tangawizi, kitunguu saumu. Povu la kwanza unalitoa. Kuanzia hapo ni kukaa na moto. Huwezi kwenda sokoni, huwezi kulala, ukienda kufua unarudi kila baada ya nguo tatu. Saa sita nikachoma kisu: mpira. Saa nane: mpira uliotubu kidogo. Saa tisa na nusu ndipo ngozi ikaanza kutetemeka na mfupa ukaachia. Mwili wa ng'ombe ndivyo ulivyo. Mguu umejaa kolajeni, ile kamba inayoshika mifupa na ngozi, na kolajeni haigeuki kuwa ule utamu wa kunata mpaka ikae kwenye joto la maji kwa saa nyingi. Haihongeki.

Supu ilikuwa tamu, sitadanganya. Pilipili mbuzi moja, ndimu, midomo ikawa inashikana. Iliyobaki ililala kwenye bakuli, na kwa upepo huu wa Julai, asubuhi ilikuwa imeganda unaweza kuikata kwa kisu.

Sasa daftari. Makongoro mawili 8,000. Mkaa sado tatu, zile ndoo ndogo za kupimia, 4,500. Viungo 1,200. Jumla 13,700, na nusu ya hicho kilichoingia sufuriani ni mfupa niliowatupia mbwa wa watu, mbwa wa kweli safari hii. Bucha ile ile, siku ile ile, kilo ya nyama ya mifupa ilikuwa 11,000, na hiyo inaiva ndani ya saa moja na ushee. Nimeacha saa zangu tano na nusu bila kuziandikia bei, kwa sababu kwenye semina hazikuwa na safu yake.

Hapo ndipo ninapogombana na kijana. Nyama ya bei ya chini haikuwahi kuwa ya bei ya chini, hata zamani. Ilikuwa inalipiwa na mtu mwingine, mahali ambapo mwenye hela hakuwa anatazama.

Mimi ni wa Kondoa. Mwaka 1979 Serikali iliondoa mifugo yote kwenye vilima vya Irangi kwa sababu ardhi ilikuwa imekwisha, makorongo yanameza mashamba. Ule ulikuwa mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, mwaka ule ule uliotolewa uamuzi wa makao makuu kuja Dodoma. (Makorongo yalishughulikiwa mapema zaidi kuliko mawaziri kuhama, lakini hiyo mada nyingine.) Kwa hiyo nilipopata akili, ng'ombe kwetu alikuwa kitu cha kusimuliwa. Nyama ilitoka kwa mchinjaji, siku ya soko, ng'ombe mmoja. Asubuhi walipita walimu, mganga wa zahanati na watu wa ofisini, wakachukua paja. Bibi alikuwa anakwenda mchana, jua limeshageuka, akarudi na miguu na kichwa ndani ya kikapu, ameshindana bei na mtu ambaye alikuwa anataka tu kufunga.

Chungu kilikuwa kinapanda mafigani baada ya Isha. Kinalala pale. Gogo moja kubwa la mgunga linasukumwa kidogo kidogo, na anayeamka usiku kwenda nje analisukuma akipita. Alfajiri supu iko tayari, na moto ule ule umeshachemsha maji ya kuoga, umeivisha viazi vitamu kwenye majivu, umekausha nguo za mtoto, umefukuza mbu. Hakuna aliyesema kongoro limekula kuni. Kuni zilikuwa zinaliwa na nyumba nzima.

Na kuni zilitoka wapi? Jumamosi, sisi wasichana, mzigo kichwani, kata ya majani chini yake, kutoka kule mpaka nyumbani na shingo imeingia mabegani. Luku ya bibi, umeme wake wa kulipia kabla, ilikuwa vichwa vyetu. Wajomba walikuwa wanakaa chini ya mti wakisifu supu ya mama yao. Nikimsikia mtu anaimba zamani tulikula vizuri kwa senti kidogo, natamani nimtwishe.

Leo kuni za kuokota huku Nkuhungu, Dodoma mjini, hakuna, na gogo la kulala usiku kucha utaliweka wapi, kwenye chumba cha kupanga? Moto sasa unapimwa kwa sado ya mkaa na kwa mtungi wa gesi. Ukishaanza kuupima, vile vipande vinavyotaka saa tano vinageuka kuwa anasa. Nyama ya maskini imekuwa nyama ya mwenye mtungi mkubwa.

Mnaona ajabu watu kutumbukiza vidonge vya maumivu kwenye sufuria ili nyama ilainike? Redioni wanawatukana, wajinga, wauaji. Hatari ni kweli, dawa hizo zikizidi zinaharibu ini, wala usijaribu. Ila hakuna anayeuliza kwa nini mama lishe mwenye akili timamu afike huko. Anaangalia mkaa wake unavyokwisha na wateja wanakuja saa sita. Wenye bahati wanatumia papai bichi. Wengine magadi. Wote wananunua dakika.

Utumbo nao sitaki hata kuanza. Ule hauli moto tu, unakula maji. Kile kipande tunachokiita kitabu, kila ukurasa una mchanga wake, unaosha beseni la kwanza, la pili, la tatu, na mtaa wetu maji yanatoka kwa mgao. Anayekwambia utumbo ni rahisi muulize ana tanki la lita ngapi.

Sawa, kuna hili la presha kuka. Nitalisema kwa sababu mdogo wangu atalisema kwenye maoni nisipolisema. Anayo ya umeme, kongoro linaiva kwa saa moja na kitu, umeme unaotumika ni kidogo kuliko nilivyodhani, na supu yake haina kasoro ninayoweza kuitaja bila kuonekana nina wivu. Mama alipoonja alisema haijakomaa, lakini mama angesema hivyo hata ingepikwa na malaika. Na Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa, siupingi. Macho ya bibi yalikuwa mekundu tangu namjua, na hakuwa analia. Nampinga anayenishauri kununua kongoro huku akisahau kwamba hilo jiko la kulipikia linanunuliwa kwa fedha taslimu, kwa mkupuo, na mtu yule yule ambaye mshahara wake haufiki tarehe kumi na tano.

Halafu kuna nyama nyekundu na gauti. Nimesikia. Tuachane nayo.

Nilichojifunza kwa shilingi 13,700 ni hiki: kongoro si chakula cha sufuria ndogo. Pale karibu na stendi kuna baba mmoja anachemsha makongoro thelathini kwa moto mmoja, kwenye sufuria ambayo naweza kuogea. Anawasha usiku. Saa kumi na mbili asubuhi bakuli na chapati mbili unapata kwa bei ya kawaida tu, na bodaboda anakaa benchi moja na mwenye kitambulisho cha wizara shingoni. Mkaa wake ukigawa kwa mabakuli, kila mmoja wetu analipia vipande vitatu vinne vya mkaa. Yule baba ndiye chungu cha bibi kilichobaki mjini. Ningekuwa natoa semina, ningewapeleka washiriki pale, soda na andazi zikageuzwa supu.

Na wakishamaliza, swali moja la nyongeza kwa wanaume waliohudhuria: Jumamosi kwenye mnada wa Msalato, pale moshi wa nyama choma unapoonekana toka barabarani, mnakula kongoro? Nimepita pale. Nimeona mbavu. Nimeona paja la mbuzi linakatwakatwa juu ya ubao, kachumbari pembeni. Lishe ya makongoro imebaki nyumbani na mama watoto, anakaa na moto.

Jana mama amepiga simu. Anakuja wiki ijayo, ana kliniki ya macho. Ameshauliza kama bucha langu lina makongoro, nami nikajibu yapo mawili kwenye friza tangu Jumamosi ile. Akanyamaza kidogo. "Na mkaa?" Nikamwambia nitanunua. "Usinunue," akasema, "nitakuja na gunia kwenye basi." Nikamuuliza atalibebaje, na miguu yake ile. Kondakta atambebea, anamfahamu.

Kwa hiyo hata hili, bei yake iko kwenye basi inakuja.