Mkataba Kwanza, Nauli Baadaye

Wiki iliyopita tangazo la kazi lilizunguka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu, hapa Chikongola. Mhasibu msaidizi na mtunza ghala, kampuni binafsi, Dar es Salaam. Sifa ni zile zile tulizozizoea: stashahada, ujuzi wa kompyuta, awe mwaminifu na mchapakazi. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, wakamalizia: MWOMBAJI AWE TAYARI ANAISHI DAR ES SALAAM. WA MIKOANI WASIOMBE.

Yameniuma maneno hayo. Nilishayaona kabla, lakini safari hii yalibisha hodi mlangoni kwangu. Jioni ile ile binti wa jirani, aliyesomea uhasibu hapahapa Mtwara, alikuja na simu mkononi. "Shikamoo shangazi. Wewe umefanya kazi za ajira, niambie ukweli. Nihamie kwanza kwa mjomba Mbagala ndipo niombe, au niache?" Mama yake, akanieleza, ameshasema nauli na hela ya kuanzia atazitafuta.

Najua mama yake atazitafuta wapi. Shamba lao liko Kitangari, mikorosho ndiyo kwanza inapuliziwa dawa, na mnada wa kwanza uko mbali. Mwenye shida ya haraka miezi hii anaijua njia ya kangomba. Unapokea fedha leo, unalipa korosho wakati wa mavuno, kwa bei aliyoitaka mnunuzi. Serikali imeipiga vita biashara hii miaka yote na bado ipo, kwa sababu shida haisubiri minada. Kwa hiyo Oktoba wenzake watakapokuwa wanapeleka magunia AMCOS, chama chao cha ushirika, na kungojea bei ya mnada wa stakabadhi ghalani, ya kwake yatakuwa na mwenyewe tayari. Hapo ndipo ninapokasirika. Gharama ya kampuni ya Dar es Salaam kutafuta mfanyakazi inalipwa na mama wa Kitangari kwa korosho zake, na hakuna aliyemwahidi kwamba mwanawe ataitwa hata kwenye usaili.

Na hiyo ni nauli tu. Mji ule mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Hivyo kijana anafikia kwa ndugu. Mjomba wa Mbagala simlaumu, maana nyumba za watu wa kusini kule zimelea vijana wetu vizazi na vizazi, na wengi wanalala sebuleni kwao wenyewe ili mgeni apate kitanda. Lakini mgeni asiye na kipato akivuka mwezi wa pili hali hubadilika, hata kama hakuna anayesema neno. Binti ndiye anayeamka wa kwanza kufua na kupika, kwa sababu anakula bure. Siku ya kwenda kupeleka maombi inakuwa siku ya kubaki na watoto. Halafu anakuja mtu anayesema anaweza kumsaidia apate kazi, ila waonane kwanza jioni, mahali fulani. Rushwa ya ngono imo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, na binti ana haki ya kuripoti. Ila mjue kwamba aliyeishiwa nauli, yuko kilomita zaidi ya 550 kutoka kwao na anaona aibu kurudi mikono mitupu ndiye anayewindwa. Binti huyo huyo, angekuwa kwao Chikongola akisubiri simu, angemkatia huyo bwana simu na kuendelea na shughuli zake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hawaambiwi, na ndilo lililonifanya niandike.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Jina, anuani ya kudumu, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, saa za kazi, ujira. Katikati ya orodha hiyo kuna kitu ambacho vijana wanakiruka kana kwamba ni urembo wa fomu: mahali alikoajiriwa. Mahali pa kufanyia kazi pametajwa peke yake, na mahali alikoajiriwa mtu pametajwa peke yake. Sheria inatambua kwamba unaweza kuchukuliwa Masasi ukafanye kazi Temeke.

Kwa nini itofautishe? Soma kifungu cha 43. Mkataba ukisitishwa mahali tofauti na pale mfanyakazi alikoajiriwa, mwajiri anawajibika kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi huko alikomtoa, au kulipia usafiri huo, au kumpa posho ya safari ambayo angalau itatosha nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na huko. Akichelewesha safari, katika hiyo njia ya posho, anadaiwa na fedha za kujikimu kila siku, tangu ajira iliposimama hadi siku ya kuondoka. Nimekaa upande wa waajiri muda mrefu, nimeandika hii mikataba, na nimewaona maofisa wakipiga hesabu ya kifungu hicho mapema sana, kabla hata nafasi haijatangazwa. Mtu aliyechukuliwa Mtwara ana gharama ya kumrudisha. Mtu aliyejileta mwenyewe Dar es Salaam akaajiriwa akiwa pale hana. Siku kazi ikiisha anaambiwa asante, anabaki na masanduku yake Mbagala, na tatizo ni lake na la mjomba.

Ndiyo maana ule mstari wa herufi kubwa haunipitii hivihivi. Unaonekana ni wa kurahisisha usaili, kumbe unamhamishia kijana gharama ya kwenda, na kumnyang'anya pia haki ya kurudishwa. Wapo wanaouandika bila kuijua sheria. Wanaoijua wapo pia.

Na hapa niwaseme ninyi vijana wangu kwa upendo. Mmezoea kuandika anuani ya ndugu wa Dar es Salaam kwenye wasifu ili barua isitupwe. Naelewa kinachowasukuma, njaa ya kazi haina subira. Lakini anuani hiyo ndiyo itakayonakiliwa kwenye mkataba, na baada ya hapo mahali mlikoajiriwa patakuwa Mbagala, sio Tandahimba. Mmesaini wenyewe. Siku mtakapopunguzwa kazi na kudai usafiri, mwajiri atafungua faili na kuwaonyesha. Andikeni mnakoishi. Pale juu, chini ya namba ya simu, ongezeni sentensi moja inayotosha: niko tayari kuhamia kituo cha kazi ndani ya wiki mbili baada ya kupokea barua ya ajira. Mwajiri makini anaisoma sentensi hiyo na kupata alichokuwa anakitafuta.

Kuna kifungu cha 7 pia cha sheria hiyo hiyo, kinachokataza ubaguzi kazini kwa misingi mingi, mmojawapo ukiwa mahali mtu anakotoka, na kinamlinda hata mwombaji wa kazi. Waajiri watajibu kwamba makazi na asili ni vitu viwili. Wajibu wanavyotaka, tangazo linalosema "wa mikoani wasiombe" linanuka.

Nikubali upande wa pili, maana nimekaa kwenye kile kiti. Kuna waombaji wanaoitwa kutoka mbali, wanakubali tarehe, wanashikiwa nafasi, halafu hawatokei na simu hawapokei. Kuna wanaofika, wanapokea mshahara wa kwanza na kupotea. Inaudhi na inagharimu. Na barabara yetu haijatusaidia: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, mtu mwenye usaili kesho yake angefanya nini? Pia zipo kazi ambazo huzipati bila kuwepo. Saidia fundi, mama lishe, dereva wa bodaboda, hawa hakuna atakayewapigia simu Nanyumbu, wanakwenda na kutafuta wakiwa pale. Siwezi kuwaambia wasiende. Nawaambia waende na nauli ya kurudi wameiweka kando.

Lakini kwa kazi ya ofisini, ya stashahada na shahada, udhuru umeisha. Usaili wa kwanza unafanyika kwa simu ya video. Mtihani wa hesabu mtu anaufanyia hata chuoni kwake alikosoma, mwalimu wake akisimamia. Kama Sekretarieti ya Ajira ya serikali, yenye waombaji wengi kuliko kampuni yoyote nchini, imeweza kupeleka usaili wa walimu mikoani ili mtu asailiwe karibu na anakoishi, kampuni inayotafuta wafanyakazi wawili inashindwa nini?

Wanaonipinga husema kijana asipothubutu hafiki popote, nenda tu mjini, Mungu atafungua. Hao nawauliza kama walikuwepo Mtwara miaka ile ya gesi. Walikuja watu hapa kutoka kila pembe kwa sababu walisikia gesi ipo na kazi zitajaa. Vyumba vilipanda bei, wenyeji wakahamishwa kwenye nyumba walizokaa miaka ili apangishwe mgeni. Mwaka 2013 mji ukawaka kwa hasira ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na Oktoba 2015 bomba likazinduliwa, gesi ikasafiri kwenda Kinyerezi. Ujenzi ulipokwisha niliwaona kwa macho wafanyakazi wa aina mbili. Wale waliochukuliwa makwao kwa mkataba, gari la kampuni liliwabeba na magodoro yao. Wale waliojileta wakaajiriwa getini waliuza magodoro ili wapate nauli. Kazi yao ilikuwa moja, jua lao moja, jasho lao moja. Lililowatenganisha ni neno lililojazwa kwenye nafasi moja ya fomu.

Ninalisema hili leo kwa sababu linakuja tena, safari hii Lindi. Mradi wa gesi asilia iliyosindikwa pale Likong'o umezungumzwa miaka, mkataba wa awali ulisainiwa Juni 2022, na tayari nasikia vijana wa huku na wa mbali wakipanga kwenda kukaa Lindi kusubiri. Kusubiri nini? Tangazo halijatoka, lakini kodi ya chumba inaanza kudaiwa siku unayoingia. Mradi ule ukianza, waajiri wake watakuwa na ofisi, simu na barua pepe. Jisajili, jifunze uchomeleaji VETA, weka vyeti sawa, kaa kwenu ulime na uombe ukiwa huko.

Viongozi wetu wa mikoa ya kusini nao nina neno kwao. Kila mwekezaji akija anapigiwa ngoma, anapewa ardhi, anapigwa picha. Mwekeni kwenye meza siku hiyo hiyo na mwambieni usaili ataufanyia kwenye halmashauri zetu, Newala wakasailiwe Newala, Liwale wakasailiwe Liwale. Kumbi za halmashauri zipo na siku nyingi zimefungwa.

Binti wa jirani ameomba. Ameandika Chikongola, Mtwara, kwa herufi zinazosomeka, na ile sentensi ya wiki mbili nimeisimamia mwenyewe. Nimemzuia mama yake kumtafuta mtu wa kangomba hadi barua itakapokuja. Huenda wakaitupa, na akilia nitamfuta machozi, kisha tutaomba kwingine. Kuna kampuni zinazoita watu wa mbali na kuwatumia nauli. Mimi mwenyewe nimezituma nauli hizo, nikiwa upande ule wa meza.

Wengine wenye barua mkononi sasa hivi, msirukie kwenye mshahara. Tafuteni palipoandikwa mahali ulikoajiriwa. Pakiwa wazi, waombe wapajaze mbele yako. Na kama simu ilikukuta Newala lakini karatasi inasema Dar es Salaam, usisaini. Irudishe kwa adabu, warekebishe, wakupe nakala yako, ndipo uende kukata tiketi.