Mchezo wa Maelfu ya Watu Hauhitaji Kuwa na Kila Kitu

Vijana wengi wanaojifunza kuandika programu huanza wakiwa na mchezo mmoja kichwani: dunia kubwa isiyolala, ambamo maelfu ya watu huingia kwa wakati mmoja, hujenga miji, hufanya biashara, hupigana na kupatana. Wakiitaja ndoto hiyo mbele ya wenye uzoefu, jibu huwa ni lile lile, kwamba waiweke kando waanze na kitu kidogo. Ushauri huo si mbaya, ila kwangu haujakamilika, kwa sababu haumwambii mwenye ndoto apunguze nini na abakishe nini. Mtu anaweza kuupunguza mchezo wake mpaka akaondoa kile kile kilichomfanya autamani.

Mfano ninaourejea mara kwa mara ni wa EVE Online, mchezo wa vyombo vya angani uliotengenezwa na kampuni ya CCP ya Reykjavík. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1997, katika nchi ambayo wakati ule haikufikisha watu laki tatu, na ili kupata fedha za kuanzia ilitengeneza na kuuza kwanza mchezo wa kuchezwa mezani, ulioitwa Hættuspil. EVE yenyewe ilitoka Mei 2003, na hadi leo ina wachezaji wake.

Waasisi wake walikataa kulegeza jambo moja, nalo ni kwamba wachezaji wote wakutane katika dunia moja. Michezo mingi ya aina hii huwagawa watu katika nakala nyingi za dunia ile ile, ili kila seva, yaani kompyuta kuu inayouendesha mchezo, ibebe mzigo inaouweza. CCP, ukiacha seva ya pekee waliyoiweka kwa ajili ya China, walikataa njia hiyo, na gharama yake wakailipa kwa kujinyima katika karibu kila kitu kingine. Mchezaji hakuwa na miguu wala mikono, bali alikuwa ni chombo chake. Hapakuwa na misitu, mitaa wala vyumba vya kuchora, kwa kuwa sehemu kubwa ya anga ni giza na nyota. Hata seva iliwekwa ihesabu matukio mara moja kwa sekunde, mwendo ambao mchezo wa kulengana bunduki usingeweza kuuvumilia.

Sababu ya kujinyima huko inaonekana mtu akikaa na kalamu. Kila anachofanya mchezaji mmoja kinapaswa kuwafikia wenzake wote walio karibu naye. Wakiwa 10, kila mmoja akiwapelekea wenzake tisa, taarifa za kupelekwa ni 90 kila mara. Wakiwa 100, ni 9,900. Wakiwa 1,000, ni 999,000. Wachezaji wameongezeka mara mia, mzigo umeongezeka zaidi ya mara elfu kumi. Mafundi hupunguza hesabu hiyo kwa kutomwambia mchezaji habari za walio mbali, lakini ujanja huo hauna msaada pale watu wote wanapoamua kukimbilia mahali pamoja, na katika mchezo wa vita hapo ndipo kila mtu anapotaka kuwa.

Hilo lilitokea Januari 2014, katika eneo la mchezo liitwalo B-R5RB. Malipo ya kulimiliki eneo hilo hayakulipwa, maadui wakaiona nafasi, na vita vilivyofuata vilidumu saa 21 hivi, vikihusisha wachezaji zaidi ya 7,000 na kuteketeza meli 75 za daraja la juu kabisa. Seva haikuanguka, kwa sababu CCP walikuwa wameipa uwezo wa kupunguza kasi ya muda ndani ya mchezo hadi sehemu moja ya kumi, hivi kwamba jambo la sekunde moja likachukua sekunde kumi, na kila mtu akasubiri zamu yake. Kwa maoni yangu huu ni ufundi wa hali ya juu kuliko picha yoyote ya kung'aa, na uliwezekana kwa sababu mchezo ulikuwa wa polepole tangu ulipobuniwa.

Kampuni hiyo hiyo ilipotamani kuwa na kila kitu, iliumia. Mwaka 2011 ilimpa mchezaji mwili wa kutembea, lakini ndani ya chumba kimoja, tena peke yake, pamoja na duka la mapambo ambamo miwani ya jicho moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 60. Wachezaji walikusanya vyombo vyao na kuanza kulipiga risasi sanamu la kumbukumbu lililokuwa ndani ya mchezo. Kufikia Oktoba mkuu wa kampuni alikuwa ameomba radhi hadharani, na takriban mfanyakazi mmoja kati ya watano akapoteza kazi. Chumba chenyewe kiliondolewa mwaka 2017, na sidhani kama kuna wengi waliokililia.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa ziada. Seva nyingi za michezo ziko Ulaya au mbali zaidi, na mchezaji wa Dar es Salaam au Nairobi huingia uwanjani akiwa na pingi kubwa, yaani taarifa zake huchelewa kwenda na kurudi kwenye seva, amekwisha kupigwa kabla hajamwona mpigaji. Mei 2024, mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, hata barua pepe zilisuasua. Anayepanga mchezo wa wengi kutoka huku akauegemeza kwenye kasi anajitafutia balaa.

Ndiyo maana mchezo ninaouota mimi ni wa majahazi. Wafanyabiashara wote wawe katika bahari moja, kati ya Kilwa, Zanzibar, Mombasa na Maskati. Upepo wa kaskazi uwalete, wa kusi uwarudishe, na asiyewahi kupakia asubiri msimu mwingine. Safari ya jahazi ni ya siku nyingi, kwa hiyo taarifa zinazopita ni chache, bando halimalizwi, na aliyekatikiwa na mtandao kwa saa nzima hajapoteza kitu. Nisichokubali kukiondoa ni soko la pamoja: wakipeleka boriti wengi mno Maskati, bei imwangukie kila mmoja wao, hata yule aliyedhani amewahi. Mengine yote yanaweza kungoja. Toleo la kwanza litakuwa na bandari mbili, boriti na tende, pepo mbili, na maandishi matupu kwenye skrini, kwa sababu ninachotaka kukijua, kabla sijamlipa mchoraji hata shilingi, ni kama watu ishirini watagombania bei ya boriti na kurudi kesho yake kuendeleza ugomvi.