Aspirini na ini la mtoto: tumefunga kesi mapema mno?

Ukienda duka la dawa leo kumtafutia mtoto dawa ya homa, muuzaji anayejua kazi yake atakwambia aspirini hapana, ila ukimuuliza kwa nini anakujibu tu itamuumiza tumbo. Sababu yenyewe ni nzito kuliko tumbo, ni ugonjwa wa Reye, ambao aspirini inashtakiwa kuusababisha.

Mwaka 1963 huko Sydney, Australia, daktari Douglas Reye na wenzake waliandika kuhusu watoto 21, ambapo 17 walifariki, na walipochunguzwa ubongo ulikuwa umevimba na ini limejaa mafuta. Picha yake iko hivi: mtoto anaelekea kupona mafua au tetekuwanga, mara anaanza kutapika mfululizo, analegea, halafu anageuka mkali, anamsukuma mama yake kama hamjui, kisha anapoteza fahamu. Macho kwa kawaida hayawi ya njano kwa hiyo nani atawaza ini? Kumbe ini limeshindwa kusafisha amonia, ile sumu inayobaki mwili ukivunja protini, inaingia kwenye damu mpaka kwenye ubongo.

Wanaoishtaki aspirini wana hoja nzito jamani. Marekani ilihesabu wagonjwa 555 msimu wa 1979-80, maonyo yakaanza kutoka, 1986 ikawa lazima yaandikwe kwenye lebo, na kati ya 1994 na 1997 hawakuzidi wawili kwa mwaka. Utafiti wa 1987 ulikuta wagonjwa 26 kati ya 27 walikuwa wametumia dawa za jamii ya aspirini, wakati kwa watoto waliolinganishwa nao ni 53 kati ya 140.

Ila utetezi nao sio wa kupuuza. Australia kwenyewe ugonjwa ulikotangazwa, watoto wengi walioupata hawakuwa wamepewa aspirini, na bado ukapotea. Halafu kuanzia miaka ya 80 maabara zilianza kugundua magonjwa ya kurithi ambapo mwili wa mtoto hauwezi kuchoma mafuta kupata nguvu, akiugua na kukaa bila kula sukari inashuka, ini linajaa mafuta, amonia inapanda, yaani Reye kabisa. Baadhi ya waliopewa jina hilo zamani, walipopimwa upya ikaonekana walikuwa na magonjwa hayo ya kurithi. Kwa hiyo sehemu ya kupungua kule ni jina tu limebadilika.

Mimi naona aspirini ina hatia, labda sio peke yake, na marufuku ibaki kwa sababu haitugharimu kitu, parasetamoli ipo. Lakini hapo ndipo watu wanapojisahau, maana parasetamoli ikizidi dozi ndiyo inayoua ini waziwazi kabisa, na kuizidisha ni rahisi: sirapu ya homa ina parasetamoli, ile ya mafua nayo inayo, mama anampa zote mbili kwa kijiko cha chai ambacho hakuna anayejua ni mililita ngapi, usiku bibi naye anaongeza. Angalau hii ina dawa yake, asetilsisteini, inayofanya kazi vizuri ikiwahi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kesi ya aspirini imetufanya tuulize swali moja tu, alimeza nini. Huku kwetu mtoto aliyeugua homa akianza kuweweseka tunasema malaria imepanda kichwani, na mara nyingi ni kweli, ila kipimo cha malaria kikitoka safi na bado anatapika na kuchanganyikiwa, apimwe sukari hapohapo, ni tone moja la damu kidoleni, na ini na amonia pale inapowezekana. Na mzazi aulizwe kama kuna ndugu wa mtoto huyo aliyewahi kufa ghafla utotoni.

Kuna watoto wanaopewa aspirini kihalali, wenye ugonjwa wa Kawasaki kwa mfano, unaoathiri mishipa ya moyo. Mzazi wa mtoto kama huyo usije ukaikatisha dawa sababu umesoma hapa, ila akipata mafua au tetekuwanga mpigie daktari wake siku hiyohiyo.