Kura, rangi na mkono wa Mungu

Mwandishi mmoja anadai kuwa mchoraji wa hapa Mwanza anayerusha dadu ili kupata rangi ya kila mraba amemwondoa Mungu katika turubai yake, nami naona mwandishi huyo amekosea. Mwaka 2007, mchoraji Gerhard Richter aliliwekea kanisa kuu la Köln, Ujerumani, dirisha la vioo vya mraba zaidi ya 11,000 katika rangi 72, vilivyopangwa kwa bahati nasibu na programu ya kompyuta, na Kardinali Joachim Meisner, askofu mkuu wa huko wakati huo, akasema lingefaa zaidi msikitini. Hata hivyo, rangi zile 72 alizichagua Richter mwenyewe, na baadhi ya safu zilifanywa ziakisi nyingine, kwa hiyo bahati haikuachiwa yote. Mitume nao walipiga kura kumpata wa kushika nafasi ya Yuda, ikamwangukia Mathiya, na sijasikia mhubiri akiwaita wacheza kamari. Mvuvi wetu wa dagaa huchagua usiku wa giza, huwasha taa na kushusha wavu, lakini hachagui kitakachoingia. Asubuhi, pale soko la samaki la Mwaloni, husema Mungu amejalia. Ningependa mchoraji aulizwe jambo moja: dadu ikitoa rangi asiyoipenda, je, huirusha tena?