Mwenye mimba akihema mlimani Kadutu, si kwamba mtoto anakosa hewa

Mjini Bukavu, kutoka Nyawera kwenda soko la Kadutu kwa miguu, mlima unamhemesha hata kijana. Mama mwenye mimba ya miezi sita akisimama katikati, mkono kiunoni, kifua kikipanda na kushuka, wapita njia wanamkemea: "Mama, ubaki nyumbani, unamnyima mtoto hewa!" Na muuguzi aliyempima mimba wiki iliyopita amemwambia atembee kila siku. Sasa amsikilize nani?

Wanaomkemea hawasemi kwa ubaya. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na mitaa ya Bukavu inapanda kutoka hapo. Katika kimo hicho pumzi moja inaleta oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita, ukilinganisha na kule Muanda, kwenye ufukwe wa bahari. Mtu akijua hilo, kisha akamwona mjamzito anahema, ni rahisi kuogopa.

Lakini kuhema huko kunasomwa vibaya. Tangu wiki za mwanzo, tumbo likiwa bado halijaonekana, homoni ya projesteroni inausukuma ubongo wa mama uagize hewa zaidi. Hewa anayoivuta kwa dakika inaongezeka kwa asilimia 40, hata 50. Oksijeni ambayo mwili wake unaihitaji akiwa ametulia imeongezeka kwa asilimia 20 hadi 30 tu. Tuzitazame vizuri hesabu hizo mbili: mama anavuta hewa kupita haja yake. Ndiyo maana hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, inashuka katika damu yake: shinikizo lake linatoka milimita 40 za zebaki hadi karibu 30. Faida yake nini? Mtoto tumboni hapumui. Ukaa wake hauna njia nyingine isipokuwa kupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mama, nao hupita kutoka palipo na mwingi kwenda palipo na kidogo. Mama anaisafisha damu yake mapema ili mtoto apate pa kutolea wake. Kwa hiyo hema ile ile tunayomkemea nayo ndiyo inayomhudumia mtoto, na inanisikitisha kuona akina mama wanafungiwa ndani kwa ajili yake.

Moyo nao haukulala. Unasukuma damu zaidi kwa asilimia 30 hadi 50, na damu yenyewe imeongezeka kwa karibu nusu.

Wajawazito wenye afya wakipimwa kwenye baiskeli ya maabara, kiasi cha juu kabisa cha oksijeni wanachoweza kutumia kwa dakika hubaki karibu na kile cha kabla ya mimba. Kikigawanywa kwa kilo za mwili, kinashuka, kwa sababu kilo zimeongezeka. Hapo wapita njia wana ukweli wao: kwenye baiskeli uzito unakaa juu ya kiti, Kadutu unabebwa na magoti. Tena, oksijeni anayoitumia akiwa amepumzika imepanda na kile kiasi cha juu hakijasogea, kwa hiyo nafasi iliyopo kati ya hivyo viwili imebana. Atachoka mapema kuliko zamani. Kuchoka huko hakumaanishi kwamba ameumia.

Madaktari wenyewe waliwahi kuogopa hivyo. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliagiza mapigo ya moyo ya mjamzito yasizidi 140 kwa dakika. Mwaka 1994 kikaiondoa amri hiyo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri wajawazito wasio na tatizo la kiafya wafikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mazoezi hayo hupunguza hatari ya kisukari cha mimba.

Ila nisieleweke kwamba nawasemea wanaowabebesha mizigo. Wako akina mama wanaopandisha magunia kutoka bandarini, kamba ikipita kwenye paji la uso. Hilo si zoezi. Anayetembea kwa afya yake hupunguza mwendo akitaka, lakini mbebaji anangojwa na mwenye mzigo, na kunyanyua vizito kila siku kunaongeza hatari ya kuzaa kabla ya wakati. Kuna malaria pia, na upungufu wa damu. Hemoglobini, inayobeba oksijeni katika damu, ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, kuhema kunaweza kuwa na maana nyingine kabisa, na dawa yake inaanzia kituo cha afya. Vivyo hivyo kwa anayekosa pumzi akiwa ameketi, anayesikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, au anayetokwa na damu: huyo aache kutembea na apelekwe kituo cha afya mara moja.

Yule wa Nyawera, kama vipimo vyake ni vizuri, apande. Gunia la viazi libebwe na mwingine. Akiweza kujibu salamu za watu bila kukatika maneno, mwendo wake unatosha. Akishindwa, apumzike kidogo kando ya njia, kisha aendelee.