Sherifu wa King County: Apigiwe Kura au Ateuliwe?

Jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, lina kaunti 39. Katika 38, mwananchi humchagua sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, kwa kura yake. Iliyobaki ni King County, kaunti ya jiji la Seattle, yenye watu zaidi ya milioni 2. Novemba 2020 wapiga kura wake walikubali kuacha kumchagua wenyewe, na tangu 2022 sherifu huteuliwa na mtendaji mkuu wa kaunti, kisha baraza la kaunti likamthibitisha. Wa kwanza kuingia kwa njia hiyo ni Patti Cole-Tindall.

Msomaji wa Kenya asidanganywe na neno kaunti. Polisi wa Kenya ni wa taifa zima na mkubwa wao ni Inspekta Jenerali. Sherifu wa Marekani ni wa kaunti yake, na askari wake huitwa manaibu kwa sababu kisheria hutenda kwa niaba yake. Katika King County magereza yana idara yake, lakini kazi za sherifu bado ni nyingi: doria, upelelezi, ulinzi wa mabasi na treni, kutafuta waliopotea milimani, na ile kazi chungu ya kubisha hodi na amri ya mahakama ya kumtoa mpangaji nyumbani.

Kazi hizo haziwafikii watu wote kwa njia moja. Seattle ina polisi wake. Miji midogo kama Shoreline, SeaTac na Burien humlipa sherifu kwa mkataba. Gari la doria lina jina la mji, na mkuu wa polisi wa mji anakaa na halmashauri yake, ila mwajiri wake ni sherifu. Halafu kuna maeneo kama White Center na kisiwa cha Vashon, yasiyo na meya wala halmashauri ya mji. Huko sherifu ndiye polisi wao wa kila siku.

Wanaotetea uteuzi wana hoja nzito. Kura huwapa ushindi wanaojua kampeni, na kuendesha kikosi kikubwa ni kazi nyingine kabisa. Tena sherifu aliyechaguliwa hawezi kufukuzwa kirahisi akikosea. Juni 2017, enzi ya sherifu wa kuchaguliwa, naibu mmoja alimpiga risasi na kumuua kijana wa miaka 20 huko Burien. Awali ilielezwa kuwa alikuwa na kisu. Ikaja kubainika ni kalamu. Kaunti ililipa familia dola milioni 5 mwaka 2021, miaka karibu minne baadaye. Sanduku la kura halikumlinda kijana yule, na siwezi kulizungumzia kana kwamba lilimlinda.

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa. Kaunti hii ilishawahi kuwa na sherifu wa kuteuliwa chini ya katiba yake ya 1968, na mwaka 1996 wananchi wakadai wamchague wenyewe. Anayeteuliwa humtazama aliyemteua. Jambo hilo lilijitokeza wazi Machi 2024, Burien ilipokaza sheria ya kuzuia watu kulala kwenye mahema mahali pa umma. Ofisi ya sherifu ilikataa kuisimamia, ikisema inagongana na katiba ya nchi, na kaunti ikaenda mahakama ya shirikisho. Burien nayo ikashtaki: tunalipia huduma, na halmashauri tuliyoichagua ndiyo iliyotunga sheria.

Hapo nadhani kila upande ulikuwa na haki yake. Askari ameapa kuilinda katiba, na kumkamata mtu asiye na pa kulala si jambo la kufanywa kwa kubahatisha sheria. Lakini mkazi wa Burien aliyeona sheria ya mji wake ikiwekwa kando na ofisi ambayo hakuipigia kura alikuwa na sababu ya kukasirika. Hata hivyo, kura isingemsaidia sana: Burien ina watu kama 50,000, na sherifu angechaguliwa na kaunti nzima, Seattle ikiwemo.

Naunga mkono uteuzi. Wasiwasi wangu uko White Center. Burien ikichoka inaweza kuvunja mkataba na kuunda polisi wake. White Center haina mkataba wa kuvunja. Ilikuwa na kura moja ya kumchagua sherifu moja kwa moja, na hiyo imeondoka. Imebaki na mtendaji mkuu anayechaguliwa na kaunti yote, na mjumbe wake mmoja katika baraza la watu tisa. Mwaka huohuo wa 2020 wapiga kura waliipa ofisi ya kiraia inayowasimamia askari mamlaka ya kuita mashahidi na kudai nyaraka. Kwa mkazi wa White Center, mamlaka hayo ndiyo yaliyochukua nafasi ya kura yake, na kila yanapobishaniwa katika mazungumzo na chama cha kutetea maslahi ya askari, ni yeye anayepungukiwa.