19.72 ya Mennea: hesabu ya Mexico na hesabu ya Barletta

Katika orodha za takwimu za mbio fupi, kando ya muda wa Mwitaliano Pietro Mennea, sekunde 19.72 zilizokuwa rekodi ya dunia ya mita 200, kuna herufi A: alama ya muda uliopatikana katika uwanja ulio juu ya mita 1,000. Wanaombeza hawahitaji zaidi ya hapo. Wakiongeza na ususiaji wa Olimpiki ya Moscow 1980, Mwitaliano huyu anabaki bingwa wa bahati: rekodi kapewa na mlima, dhahabu kaachiwa na Wamarekani.

Shtaka la kwanza lina uzito. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kiasi cha moja ya tano. Kwenye mita 200 mkimbiaji anavuna bila kulipa: hewa inamzuia kidogo, ilhali uhaba wa oksijeni hauwahi kumuumiza ndani ya sekunde 20, kwa kuwa misuli inatumia zaidi akiba iliyomo mwilini. Tarehe 12 Septemba 1979, katika Michezo ya Vyuo Vikuu vya Dunia, upepo wa mgongoni nao ulifika mita 1.8 kwa sekunde. Kikomo cha rekodi kukubaliwa ni 2.0. Tommie Smith, mwenye rekodi ya 19.83 tangu 1968, alikimbia uwanja huohuo kwa upepo wa 0.9, tena mikono ikiwa juu kabla hajafika mstarini. Ukiwasawazishia upepo, pengo lao linapungua. Hata Zharnel Hughes wa Uingereza, aliyekimbia 19.73 London mwaka 2023, alikosa rekodi ya Ulaya ya Mennea kwa 0.01 ambayo kwa haki ni ya hewa ya Mexico.

Sasa ichukueni Barletta. Ndiko alikozaliwa Mennea, mji wa pwani ya Adriatiki. Tarehe 17 Agosti 1980 alikimbia hapo 19.96, upepo ukiwa 0.2. Hakuna mlima, na upepo ni kama haupo. Pengo na Mexico ni 0.24, na hewa nyepesi pamoja na ule upepo wa 1.8 vinatosha kulieleza kwa sehemu kubwa. Kwa maneno mengine, aliyekimbia siku zote mbili ni mtu mwenye kasi ileile. Pimeni basi hiyo 19.96 kwa walioshinda Olimpiki: Valeriy Borzov alitwaa dhahabu ya Munich 1972 kwa 20.00, Don Quarrie akatwaa ya Montreal 1976 kwa 20.23. Mennea wa Barletta, bila msaada wowote, ana muda bora kuliko wote wawili. Nambari hii haitajwi sana, labda kwa sababu haikuvunja rekodi yoyote ya dunia.

Moscow pia inasimuliwa nusu. Mennea alipangiwa njia ya nane. Kona ya huko nje ni pana, haimbani mkimbiaji, lakini humwoni mpinzani mpaka akupite. Allan Wells, bingwa wa mita 100 wa michezo hiyohiyo, alikuwa njia ya saba, nyuma yake tu, na wakitoka konani alikwisha kumpita na kumwacha. Mennea siku zote alikuwa mzito wa kuondoka. Kilichomwokoa ni ustahimilivu wa kasi, kazi ya miaka mingi chini ya kocha Carlo Vittori. Wengine wanapoanza kupungua mita 40 za mwisho, yeye hupungua kidogo kuliko wao. Akashinda kwa 20.19 dhidi ya 20.21, na wa tatu alikuwa Quarrie, bingwa mtetezi.

Wamarekani hawakuwapo, hilo halina ubishi, na hakuna anayejua wangefanya nini. Lakini anayetaka kuifuta Moscow afute pia medali za fedha walizopata huko Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, medali pekee za Olimpiki ilizonazo Tanzania. Kazi hiyo aianzie Dar es Salaam, tumwone.

Wamarekani walirudi. Helsinki 1983, mashindano ya kwanza ya dunia, Mennea ana miaka 31: Calvin Smith na Elliott Quow, wote Wamarekani, walichukua dhahabu na fedha, yeye shaba. Mwaka uliofuata Los Angeles, dhidi ya Mmarekani Carl Lewis, aliingia fainali ya Olimpiki ya mita 200 kwa mara ya nne mfululizo. Alimaliza wa saba.